Karatasi Tupu za Bi Kigoda

Mama Waya hakuwa na mtoto anayeitwa Waya. Alikuwa na nyaya zenyewe: begani, mfukoni, mkobani, na siku moja, wanasema waliokuwepo, alivua kilemba ukaanguka waya wa chaja mrefu kama mkia wa ng'ombe. Hospitali nzima ilimwita hivyo, kuanzia mkuu mwenyewe hadi mfagiaji. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, likifubaa taratibu kifuani pake.

Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za hospitali. Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, kidogo hata ukitaka kupiga chafya ni lazima utoe kichwa nje. Ndani mlikuwa na meza, kiti chenye mguu uliofungwa kamba, feni yenye kelele nyingi kuliko upepo, na seva. Seva ni lile sanduku jeusi linalopokea kila kinachotumwa na kujibu kila kinachoulizwa, na hiyo ya kwake ilinguruma kutwa kama paka aliyeshiba. Upande wa pili wa ukuta mashine za kufulia zilizungusha mashuka, na zikifika kwenye kukamua maji chumba chote kilitikisika. Mama Waya alikuwa akishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili, macho kwenye skrini, kama nahodha aliyezoea mawimbi.

Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Yalimtoka kwa kukamuliwa, kama dawa ya meno ya mwisho wa mwezi. Ukimwandikia habari njema, alijibu "sawa". Ukimwandikia msiba, alijibu "sawa", kisha akafika mwenyewe kabla hujakausha machozi, amebeba maji na mkeka, akaosha vyombo vyote bila kusema kitu. Watu wa kazini walishamwelewa. Aliyekataa kumwelewa ni mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, mwanamke aliyekuwa na maneno ya kutosha mtaa mzima na akiba ya mtaa wa pili.

"Nakuandikia habari ya jirani kuanguka kwenye ngazi, unanijibu 'sawa'," mama alilalamika siku moja asubuhi. "Sawa nini? Ameanguka sawasawa?"

"Mama, nilikuwa kazini."

"Kazini! Hata marehemu wako kazini huko kwao, lakini wakija ndotoni wanaongea."

Mama Waya alicheka kwa pua, akamfungia mama yake kifungo cha nyuma ya gauni, akatoka.

Basi ulikuwa wakati ambao ugonjwa wa kifua wa kuambukizana umeenea mjini, na mkuu wa hospitali alikuwa amefunga wodi zote kwa wageni. Watu walijazana getini na mafurushi. Huyu anataka kumwona mume, yule anataka kumwona mtoto, na askari wa getini amesimama katikati anapigiwa kelele utadhani ugonjwa ameuleta yeye. Hapo ndipo Mama Waya alipotengeneza njia ya maneno kupita mahali ambapo miguu haipiti. Mwenye simu kubwa aliingia kwenye ukurasa wa hospitali akaandika. Mwenye simu ndogo ya vitufe alituma ujumbe wa kawaida kwa namba ya hospitali, kampuni ya kupitisha ujumbe ikaupokea na kuusukuma mpaka kwenye seva. Namba ya ndugu ilikuwa imeandikishwa siku mgonjwa alipolazwa, kwa hiyo seva ikiona namba tu ilijua ni nani na anamtafuta nani. Kule wodini, kwenye meza ya manesi, kimashine kidogo kilitema karatasi nyembamba kama risiti ya duka: juu jina la mtumaji na kitanda cha mgonjwa, chini maneno yake.

Njia ilikwenda vizuri. Wagonjwa waliacha kuangalia dari wakawa wanaangalia kimashine. Halafu siku hiyo Sista, nesi mkuu wa wodi ya wanaume, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachofungua milango, akaja kusimama mlangoni kwa Mama Waya, maana ndani wasingeenea wote wawili.

"Mama Waya, kimashine chako kimeanza kubipu."

"Kubipu?"

"Si ndiyo. Kinatoa karatasi ina jina juu, chini nyeupe pee. Watu wamezoea kubipu kwa simu, sasa wanabipu hadi kwa karatasi! Rola za karatasi zinaisha bure. Hebu kizibie hizo tupu zisitoke."

Na kweli nani angeshangaa? Mtu asiye na salio hupiga simu ikaita mara moja akakata, na anayepigiwa anaelewa: nimefika, nakukumbuka, au nipigie wewe mwenye uwezo. Kwa hiyo karatasi tupu zilipoanza kutoka, manesi walizigawa huku wakicheka. "Baba, mkeo amekubipu." Mgonjwa naye alitabasamu, akaiweka kando, akalala. Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyeuliza.

"Sawa," alisema Mama Waya.

Ilikuwa kazi nyepesi. Kuiambia seva kwamba ikikuta hakuna kitu chini ya jina, isichape. Vidole vilikuwa vimeshafika kwenye vibonyezo. Lakini Sista alitaka na rola mpya, na rola zilikuwa chini ya meza ya Mama Waya, na Sista kuinama chini ya meza ile ilikuwa kazi ya kuita wazima moto. Basi Mama Waya akaacha vibonyezo, akachukua rola, akapanda nazo wodini yeye mwenyewe.

Huko akakuta mabishano.

Kitanda cha dirishani alilazwa fundi nguo mmoja, mzee mwembamba kama futi yake ya kupimia, ambayo hata hospitalini alikuwa ameitundika shingoni. Wenzake walimwita Mzee Cherehani. Alikuwa na kisukari na kidonda cha vidole vya mguu wa kulia, na kidonda hicho alikuwa amemficha mkewe kwa muda mrefu mno. Kila siku alikifunga vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini, leo kaki, kesho maua, keshokutwa satini, mpaka mguu ukawa na nguo nyingi kuliko bibi harusi. Mkewe alikuja kugundua kwa pua. Alimpakia kwenye mkokoteni wa maji, akausukuma mwenyewe hadi hospitali, akimtukana kila kona, na kona zilikuwa nyingi. Walipofika getini alimwambia neno la mwisho: "Mguu wako umenificha mimi! Sasa sina la kukwambia." Mzee akaingizwa ndani, geti likafungwa.

Daktari wa upasuaji alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. "Mzee, leo ni vidole tu. Kila siku tunayobishana, kisu kinapanda. Wiki ijayo nitakuwa naongea habari ya mguu mzima."

"Daktari, mguu huu ndio unaokanyaga cherehani," alisema Mzee Cherehani. "Cherehani ndiyo inayolisha nyumba. Na nyumba ina mwenyewe. Mwenyewe hajasema."

"Si alishasema?" Sista aliingilia. "Jana nilikuletea salamu zake."

"Ulisemaje? Rudia na wengine wasikie."

Sista alikohoa. "Kwamba anakusalimu kwa mapenzi mengi, na anakubali upasuaji."

"Mapenzi mengi!" Mzee aliigeukia wodi nzima, mikono juu. "Mke wangu! Tangu nimemuoa neno hilo hajamwambia hata paka. Sista, una roho nzuri, lakini uongo haukupendi."

Wodi ilicheka mpaka chupa za maji ya mishipa zikacheza kwenye vyuma vyake. Sista mwenyewe alicheka, akajifuta jicho. Daktari alitikisa kichwa akaenda kitanda kingine.

Mzee Cherehani hakucheka. Aliingiza mkono chini ya mto akatoa rundo la karatasi nyembamba. "Zake hizi hapa. Nyie mnasema anabipu. Mke wangu habipu. Yeye akinuna, ananuna kwa utaratibu: chai anakuwekea, sukari anakutilia, neno hakupi. Sasa mmempa na mashine ya kuninunia kutoka mbali." Akaishika futi yake shingoni kama mtu anayeshika kamba ya kisima. "Mtu aliyeninunia hivi, nikirudi kwake kilema nisiyeweza kukanyaga cherehani, atanipokea? Mniambie ninyi."

Sista alimnyooshea shuka.

Mama Waya alikuwa bado ameshika rola kifuani. Aliweka moja, akachukua karatasi moja ya mzee. Jina, kitanda, weupe.

"Anatuma kila siku?"

"Kila siku. Siku nyingine asubuhi na jioni. Hasira yake haina likizo."

Jambo hilo lilimkaa Mama Waya vibaya. Yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa kunyamaza, na alijua kwamba mtu asiye na la kusema hasumbuki kulituma mara mbili kwa siku. Akakumbuka pia kwamba kila asubuhi anapoingia kazini kuna bibi mmoja anayekaa kivulini mwa ukuta wa geti, amepinda juu ya simu ndogo. Akashuka.

"Yule?" alisema askari wa getini. "Bi Kigoda huyo. Jina nimempa mimi, kwa sababu anakuja na kigoda chake kutoka nyumbani, hataki benchi la serikali. Hasikii vizuri. Jana nimemwambia sogea, akaniambia na wewe pia, mwanangu."

Bi Kigoda alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, amejifunga kanga kiunoni kama anayesubiri kugombana. Masikio yake yalishachoka zamani, ndiyo maana simu ya kuongea kwake ilikuwa kama jiwe. Ya kuandika tu ndiyo iliyomfaa. Mama Waya alichuchumaa mbele yake akapaza sauti.

"Bibi! Unamwandikia mzee?"

"Usinipasue, mimi si kiziwi wa mtaa mzima!" alijibu Bi Kigoda, kwa sauti iliyowarusha njiwa kwenye paa la maabara. "Namwandikia kila siku, hajibu. Mwenye kosa yeye, mwenye kununa yeye! Umeona wapi?"

"Nionyeshe ulichoandika."

"Nimefuta. Mimi nikishasema nimesema. Sihifadhi maneno kama viazi."

"Basi mwandikie sasa hivi. Nami nione."

Bi Kigoda alimwangalia kama anayepima kitambaa, kisha akainamia simu. Aliandika kwa kidole gumba, kila kitufe akikikandamiza kama anayeua kunguni. Mama Waya alisoma akichungulia juu ya bega lake: Mzee kichwa ngumu, unakula au unasusa? Soksi zako nimezifua, moja imetoboka, ukitoka utaishona mwenyewe. Maneno yalijaa kioo chote cha simu. Bibi akatuma. Simu ikalia kidogo kukiri kwamba imetuma.

Mama Waya alikimbia. Watu waliomwona wanasema hawakujua kuwa ana miguu ya kukimbia. Alifika wodini kimashine ndiyo kwanza kinanyamaza. Akaichana karatasi: jina la Bi Kigoda, kitanda cha dirishani. Chini yake, nyeupe.

Alimwendea Mzee Cherehani akamweleza kila kitu, hadi habari ya soksi, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. Mzee alimsikiliza kwa adabu.

"Mwanangu, nashukuru. Lakini jana mapenzi mengi, leo soksi. Kesho mtaniletea shairi. Kila fundi ana soksi iliyotoboka. Akisema yeye, nitamjua."

Basi Mama Waya akarudi chumbani kwake, akafunga mlango, akaisogelea seva.

Sasa, ujumbe unapofika kwenye seva huwa kama mzigo uliofungwa, wenye lebo nje. Lebo inasema mzigo umetoka wapi, una uzito gani, na umefungwa namna gani. Ndani, kabla mzigo haujamfikia karani wa kuchapa, unapita kwenye foleni ya mabawabu, nao ni vijiprogramu vya katikati, kila kimoja na kazi yake moja tu. Mmoja anatazama namba. Mwingine anafungua mizigo iliyofungwa kwa mtindo wa jeisoni, ule wa simu kubwa, kila kitu kwenye kijisanduku chake chenye jina. Mwingine anafungua iliyokuja kwa mtindo wa fomu. Karani hafungui kitu. Yeye anapewa sinia ambalo mzigo umeshafunguliwa juu yake, anachapa anachokiona.

Mabawabu hao Mama Waya aliwapanga mwenyewe, na aliwaamini kama watoto wake. Aliufuata mzigo wa Bi Kigoda hatua kwa hatua. Akasoma lebo. Pale pa namna ya kufungwa palikuwa pameandikwa: maandishi matupu. Yaani maneno tu, hayana kijisanduku, kama mtu aliyekuja getini na matunda mikononi badala ya kapu. Mwanzoni kampuni ya kupitisha ujumbe iliyafunga maneno ya simu ndogo kwa mtindo wa jeisoni. Halafu ikabadilisha mtambo wake, ikaanza kuyasukuma yalivyo, na haikumwambia mtu.

Bawabu wa jeisoni aliangalia lebo, akasema si yangu, akaupisha. Bawabu wa fomu naye si yangu, akaupisha. Hakuna aliyekuwa na agizo la kuufungua, na hakuna aliyekuwa na agizo la kupiga kelele. Mzigo ukapita umefungwa vilevile mpaka kwa karani. Karani akaletewa sinia halina kitu, akachapa jina alilolijua kwa namba, na chini yake akachapa alichokiona. Hakuna taa nyekundu iliyowaka. Kila mtu kafanya kazi yake, na maneno ya bibi yakatupwa.

Kilichomchoma Mama Waya ni ule uzito. Ulikuwa umeandikwa pale pale kwenye lebo. Sinia tupu, mzigo mzito. Alizirudia lebo za mizigo yake ya siku zilizopita, na kila mmoja ulikuwa na uzito wake, mwingine mzito sana, hiyo bila shaka ni siku ambayo Bi Kigoda aliamka vibaya. Mizigo yenyewe ilishatupwa, ilibaki hesabu ya uzito tu. Mama Waya alishika tama. Vidole vyake hivi hivi asubuhi vilikuwa tayari kuzizibia karatasi tupu zisitoke. Angezizibia, hata ule weupe mzee asingeuona tena.

Akaanza kazi. Aliandika bawabu mpya: lebo ikisema maandishi matupu, fungua, soma mwanzo mpaka mwisho, weka kwenye sinia yalivyo. Karani naye akafundishwa kwamba akikuta maneno matupu asitafute kijisanduku, achape. Ilibaki kujaribu kwa simu ya vitufe. Aliyekuwa na simu ya vitufe na muda wa kutosha alikuwa mmoja. Akamwandikisha mama yake kwenye kitanda kisichokuwepo, ujumbe wake uje kwenye skrini ya pale chumbani, akapiga.

"Mama, tuma ujumbe kwenye namba nitakayokupa."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Chochote?" Mama aliuliza, kama mwenye njaa aliyeonyeshwa sahani akaambiwa yote yako. "Umeniambia mimi, chochote?"

Ujumbe ulifika. Skrini ikaonyesha jina la mama, na chini yake weupe.

Mama Waya aliisoma kazi yake upya, ukuta ukitetemeka, kikombe kikimwagika mezani kwa kuwa safari hii hakukishika. Kisha akajipiga kofi la paja. Bawabu mpya alikuwa amemweka mwisho wa foleni, nyuma ya karani. Mwenye ufunguo amekaa mahali ambapo mzigo umeshapita na karani ameshachapa! Akamhamisha juu, mbele ya karani, pamoja na wenzake wa kufungua. Akaizima seva, akaiwasha.

"Mama, tuma tena."

"Yale yale au mengine? Maana mengine yapo."

Safari hii skrini ilijaa. Jirani aliyeanguka kwenye ngazi alikuwamo, na ngazi ilikuwamo, na aliyeijenga ngazi, na kasoro za ukoo wake. Mwishoni mama aliandika: na wewe ule mchana, unakonda kama waya zako. Mama Waya aliyasoma yote. Hakumbuki ni lini aliwahi kuyasoma yote.

Akashuka getini. Jua lilikuwa limesogea, na Bi Kigoda alikuwa amesogeza kigoda akifuata kivuli.

"Bibi, mwandikie tena."

"Sirudii!"

"Hajapata hata neno moja. Tangu mwanzo. Yalifika kwangu yakapotelea kwenye mashine yangu, yeye akapewa karatasi tupu yenye jina lako."

Bi Kigoda alijishika sikio. "Sema tena." Mama Waya alisema tena, polepole, karibu.

"Hata lile la soksi?"

"Hata hilo."

"Hata siku ile niliyomwambia..." Bibi alikatiza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo. "Kwa hiyo huyu mtu amelala mle siku zote hizi anajua nimemnyamazia?"

"Anajua hivyo. Anakataa kukatwa vidole mpaka useme wewe. Na anaogopa kwamba akirudi hawezi kukanyaga cherehani, hutampokea."

Bi Kigoda alifuta kioo cha simu kwa ncha ya kanga, pande zote mbili, kama anayemwosha mtoto uso, akaanza kuandika. Askari wa getini alishika njia akaenda kuchungulia barabara isiyokuwa na kitu. Mama Waya naye aligeuka. Kulikuwa na kazi ya kupanda ngazi, na alitaka kuwahi.

Kimashine kilianza kutema akiwa mlangoni mwa wodi. Kilitema, kikapumua, kikatema tena. Sista alisimama akakitazama mikono kiunoni. "Loo! Huyu habipu."

Miwani ya Mzee Cherehani ilibaki nyumbani, kwa hiyo Sista alimsomea, akijaribu kusoma taratibu, lakini wodi nzima ilikuwa imeinua vichwa.

"Mzee kichwa ngumu. Nimeambiwa maneno yangu yote umeyakosa. Bahati yako. Nilikuwa nimekutukana vizuri, na sirudii. Kata hivyo vidole leo. Cherehani nitakanyaga mimi, wewe utashika kitambaa. Miguu yangu ni mizima na huna cha kuifanyia isipokuwa kuisifu. Ile suruali ya yule mteja mnene uliyoishona mguu mmoja mrefu mmoja mfupi nimeificha uvunguni, ameshakuja kuulizia, nimemwambia unaumwa. Ukinificha tena kitu mwilini mwako nitakushona mdomo kwa uzi wa magunia. Kula."

Kisha kitanda cha pili mtu akaanza kucheka, na kicheko kikatembea kitanda hadi kitanda mpaka kikafika dirishani, na huko kikamkuta Mzee Cherehani akilia, futi amejifutia machozi mpaka ikalowa.

"Suruali hiyo hajui mtu," alisema. "Mimi na yeye tu. Sista, rudia pale mwanzo."

"Wapi?"

"Pale pa kichwa ngumu."

Sista akarudia. Mzee aliitikia kwa kichwa, kama anayesikiliza wimbo wa ujana wake. Kisha akaondoa mto uliofunika mguu. "Muiteni daktari, asije akaondoka."

Walivikata vidole vya mzee, na kisu hakikupanda zaidi ya hapo. Kila siku karatasi zilitoka, ndefu, mpaka Sista akashuka tena kusimama mlangoni mwa kile chumba.

"Mama Waya, huyo bibi anamaliza rola. Jana ametuma ukurasa mzima kuhusu mende mmoja. Hebu mzibie kidogo."

"Hapana," alisema Mama Waya, akampa rola. Kisha, kwa kuwa Sista alikuwa bado amesimama pale kwa mshangao, akaongeza: "Mende huyo alifanya nini?"

Geti lilipofunguliwa na watu wakaruhusiwa kuingia na kutoka, Mama Waya alichukua gauni lake la kazini lenye upindo uliofumuka akaenda kuitafuta nyumba ya Mzee Cherehani. Hakuhitaji kuuliza zaidi ya kona ya kwanza. Kuanzia ya pili alifuata sauti. Chumba kilikuwa cha mbele, mlango wazi, vipande vya vitambaa sakafuni. Mbele ya cherehani moja walikaa watu wawili. Mzee kwenye kiti, mguu wenye bandeji ameunyoosha juu ya gunia la nguo, mikono juu ya kitambaa. Bibi kwenye kigoda chake, ameingiza miguu chini, anakanyaga.

"Polepole!" mzee alipiga kelele, akionyesha kwa mkono ili aelewe. "Unakimbiza cherehani kama umeiba!"

"Wewe shika kitambaa, ya miguu niachie mwenye miguu!"

Walimshonea gauni akiwa anasubiri. Upindo ulitoka umepanda na kushuka, huku mfupi, huku mrefu, kama njia ya konokono aliyelewa. Mama Waya aliutazama, akalikunja gauni vizuri mkobani juu ya nyaya zake.

Nyumbani mama yake aliuona siku alipolivaa. "Nani amekuharibia gauni namna hii?"

Mama Waya alifungua mdomo ili aseme "sawa", akaufunga. Akavuta kiti, akakaa.

"Ni hadithi ndefu, mama," alisema. "Weka chai."